Ishirini na sita bila jina: kisa cha mizani ya Majengo

Mama alipoingia kliniki Jumamosi ile asubuhi, kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa mtoto. Ilikuwa chupa ya dawa ya homa, ya mililita 60, tupu. "Sista," aliniambia, "hii tulinunua jana saa nne. Imeisha, na mwili bado unachemka. Ninunue nyingine?"

Binti yake, wa miaka miwili na miezi minne, alikuwa amemlalia begani, mashavu mekundu, pua inatoka kamasi, mkono mmoja umeshika sikio. Baridi ya Julai ilikuwa imetuletea watoto kama yeye wiki nzima. Sikio ndilo lililokuwa chanzo cha homa, na halikunisumbua. Chupa ndiyo iliyonisumbua. Mtoto wa umri ule, akipewa dawa ile sawasawa, chupa ya mililita 60 humfikisha siku mbili. Yake ilikwisha kabla ya siku moja kutimia.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya familia, nami nimeyaacha majina yao na ya kila aliyehusika. Nakiandika kwa sababu nimekizungusha kichwani miezi mingi sasa na sijampata mtu ndani yake aliyefanya uzembe. Kila mmoja alikuwa na namba sahihi. Mtoto karibu aumie ini kwa namba sahihi.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonishtua. Dawa ilikuwa paracetamol ya maji, ile ya kawaida ya watoto: kila mililita 5 zina miligramu 120. Nilimvua mtoto sweta na viatu, nikamvalisha ile suruali ya kupimia, nikamning'iniza. Mshale ukasimama kilo 11.9. Kipimo cha dawa hii kwa mtoto hakizidi miligramu 15 kwa kila kilo ya mwili kwa dozi moja, kwa hiyo yeye alistahili miligramu 178 hivi, yaani mililita saba na nusu kasoro kidogo. Nikamuuliza mama alikuwa akimpa ngapi.

"Vijiko vitatu vya dawa, kila baada ya saa sita. Kama tulivyoambiwa."

Vijiko vitatu vya mililita 5 ni mililita 15, yaani miligramu 360. Mara mbili kamili ya stahili yake. Alipewa saa nne asubuhi, saa kumi jioni, saa nne usiku, na saa kumi alfajiri mama aliamka kwa kengele ya simu akampa tena, kwa utiifu ambao ningependa kila mzazi awe nao. Jumla miligramu 1,440 kwa siku. Gawanya kwa kilo 11.9 upate miligramu 121 kwa kilo. Mtoto akivuka 75 kwa siku, huwa hatusubiri kuona itakuwaje. Anapelekwa hospitali, damu inapimwa, ini linaangaliwa. Niliandika barua ya rufaa palepale nikawatafutia gari. Vipimo vya siku ile vilitoka vizuri, na vilivyorudiwa siku iliyofuata vilitoka vizuri pia. Sikio lilitibiwa likapona. Kwa upande wa mtoto, kisa kiliishia hapo, Mungu ashukuriwe.

Lakini kabla hawajaondoka nilimuuliza mama swali moja: nani aliwaambia vijiko vitatu? Akasema ni kijana wa kemisti. Baba ndiye aliyetumwa. Kijana aliuliza uzito wa mtoto, baba hakuujua, akapiga simu nyumbani, mama akausoma kwenye kalenda.

"Ukasemaje?"

"Nilisema, ana ishirini na sita."

Nikamwangalia yule mtoto. Mizani yetu ya kuning'iniza inaishia kilo 25. Kama binti yule angekuwa na 26, mizani yenyewe isingetosha kumpima.

Jumatatu nilikwenda kwao Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, baada ya zamu. Bibi wa mtoto, mama yake baba, ndiye aliyenipokea. Ni mzee wa miaka themanini kasoro, mzaliwa wa mtaa ule ule, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniketisha, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Najua umekuja kwa ajili ya kalenda."

Kalenda ilikuwa ukutani, ile yenye nyakati za swala, na kwenye tarehe moja ya mwezi uliotangulia palikuwa na namba mbili kwa wino wa buluu, mwandiko wa zamani wenye miguu: 26. Basi. Hapakuwa na neno lingine. Ni yeye aliyeiandika, siku mizani mpya ilipoletwa na shangazi wa mtoto kutoka Marekani. Watu wa nyumba nzima walipanda siku ile, isipokuwa mama wa mtoto, ambaye hapendi mizani na aliendelea kukoboa mbaazi zake. Mtoto alisimamishwa, akatulia vizuri, na kioo kikaonyesha 26.2.

"Bibi, wewe ulipoiona ile namba, ulisemaje moyoni?"

"Nilisema alhamdulillahi, ratili ishirini na sita, mtoto ana afya."

Ratili. Sikumbuki mara ya mwisho niliposikia neno hilo likitumika kwa mwili wa mtu. Kwangu mimi ratili ni neno la hesabu za vitabu vya zamani. Kwa bibi ni neno la kitandani, la wakunga. Alijifungua mtoto wake wa kwanza miaka ya mwanzo baada ya uhuru, na akaambiwa ratili saba na wakia nne. Wa pili, ratili sita na wakia kumi na mbili. Anawataja wote hivyo, mmoja baada ya mwingine, na ukimuuliza wakia ngapi hufanya ratili moja atakujibu kumi na sita kabla hujamaliza swali. Ratili saba na wakia nne ni kilo 3.3 hivi, mtoto mzuri kabisa. Na ratili 26.2 ni kilo 11.9.

Rudia kuusoma mstari huo wa mwisho. Mizani ya Marekani haikukosea hata kidogo. Bibi hakukosea hata kidogo. Alisoma namba, akaielewa, akailinganisha na watoto aliowalea, akaridhika kwa haki. Kipimo kiliishi salama salimini ndani ya kichwa chake. Kilipotea alipokiandika, kwa sababu kwake hapakuwa na haja ya kuandika ratili, kama ambavyo mimi sioni haja ya kuandika shilingi nikiorodhesha bei za sokoni.

Niliomba kuiona mizani. Ilitolewa chini ya kitanda, kioo cheusi, nyembamba. Nikaigeuza. Karibu na kifuniko cha betri kuna kitufe kidogo kama punje ya mchele, na pembeni yake vifupisho vitatu: lb, kg, st. Ukikibonyeza, mizani ile ile inakusemesha lugha nyingine. Hiyo lb ni paundi, ambayo tangu makubaliano ya mwaka 1959 kati ya Uingereza, Marekani na nchi nyingine chache ni kilo 0.45359237, bila kuzidi wala kupungua. Hiyo st ni stone, kipimo ambacho Waingereza mpaka leo hujipimia miili yao, paundi 14 kwa kimoja. Mizani ilitoka dukani kwa Wamarekani, basi ilikuja ikiwa kwenye paundi, na hakuna aliyeibadilisha.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulitarajia. Kuna mtu nyumbani aliyeipenda hivyo. Baba mdogo wa mtoto ni bondia wa kulipwa, na ngumi za kulipwa duniani kote huenda kwa paundi. Yeye hupigana kwenye 126. Kwake kilo ndizo za kubadilishia. Ngumi za ridhaa zenyewe huenda kwa kilo, ndiyo maana Robert Wangila alipoipatia Kenya dhahabu kule Seoul mwaka 1988 ilikuwa kwenye uzito wa kilo 67, na alipoingia ngumi za kulipwa uzito ule ule ukaitwa paundi 147. Mabondia wetu wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, huvuka mpaka huo kila wanapobadilisha glavu, na wanaujua. Baba mdogo aliniambia bila kusita, "Mimi ningeona 26 ningejua ni paundi. Lakini mimi sikuulizwa."

Kwa hiyo chumba kimoja cha Majengo kilikuwa na watu watatu wazima na majina matatu. Bibi, ratili. Baba mdogo, paundi, ambayo ni ratili ile ile kwa jina la ulingoni. Mama, kilo, kwa sababu alizaliwa wakati Kenya ilikwisha hama, na kila kliniki aliyowahi kuingia, kila duka la nyama, kila pakiti ya unga aliyonunua maishani ilikuwa kwa kilo. Alipoona 26 kwenye kalenda, hakuchagua kuisoma kama kilo. Kwake hapakuwa na kitu cha kuchagua.

Nitaje pia kijana wa kemisti, kwa sababu nilimwendea na alinipokea kwa uungwana. Alinionyesha kikokotoo chake na jinsi alivyopiga: 26 mara 15 ni 390. Akaona ni mililita 16 na kidogo, akapunguza ziwe 15 ili iwe vijiko kamili, akijitahidi kuwa mwangalifu. Hesabu safi. Nikamuuliza kama hakushangaa. Akasema, "Nilidhani ni yule mkubwa." Familia ina kijana wa miaka minane ambaye kila siku hutumwa kwenye maduka yale kununua maziwa na vocha, na kijana wa kemisti anamfahamu kwa jina. Mtoto wa miaka minane ana kilo 25 au 26 hivi. Namba ilimkaa yule mkubwa kama shati lake mwenyewe.

Hapa ndipo napaona pabaya zaidi katika kisa kizima. Mtu mzima wa kilo 70 akipanda mizani ya paundi atasoma 154, na atacheka au atashtuka. Hakuna atakayeamini ni kilo. Kwa mtu mzima kosa hujitangaza lenyewe. Kwa mtoto kosa hujificha, kwa sababu paundi za mtoto mdogo ni kilo za mtoto mkubwa. Mchanga wa ratili saba akisomwa kama kilo saba anakuwa mtoto wa miezi sita, ambaye yupo, tunamwona kliniki kila siku. Wa ratili 26 akisomwa kilo 26 anakuwa mtoto wa darasa la pili au la tatu, ambaye pia yupo. Namba ya kosa huwa imevaa sura ya mtoto wa kweli, na jicho linapita.

Na dawa ile ilikuwa ya homa tu. Ingekuwa malaria, tuseme wangekuwa wametoka kumtembelea jamaa Siaya au Busia, vidonge vya artemether na lumefantrine hugawanywa kwa kilo vilevile: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa dozi, wa kilo 25 hadi chini ya 35 hupewa 3. Binti yule angepewa mara tatu ya stahili yake. Huko Marekani kwenyewe, wanakojipimia kwa paundi hadi leo, wataalamu wa usalama wa dawa, wakiwemo Institute for Safe Medication Practices, wamekuwa wakisisitiza kwa miaka kwamba mgonjwa apimwe kwa kilo pekee hospitalini, na mizani ifungwe isiweze kubadilika. Wametambua kwamba hatari kubwa haimo ndani ya paundi wala ndani ya kilo. Imo kwenye kile kitufe.

Nimesikia wenzangu wakisema tatizo ni wazee kung'ang'ania ya kale. Nalikataa hilo kwa moyo wote. Mimi nilikiona kile kichwa cha bibi kikifanya kazi, na kilikuwa kinafanya kazi kuliko vyetu. Ratili haikuwa ujinga. Ilikuja na Waarabu pwani, ikafanya biashara karne nyingi, thelathini na tano na ushei zikafanya frasila, na kwa frasila pembe na karafuu za Unguja zikapimwa zikavuka bahari. Waingereza wakaikuta, wakaifananisha na paundi yao, ikaingia hospitali. Ikaishi kwenye miili ya akina mama wa kizazi chake. Kisha serikali, baada ya uhuru wa 1963, ikahamia kilo, na ilifanya vyema, kwa sababu dawa za dunia nzima sasa huandikwa kwa miligramu kwa kilo na hatuwezi kuwa na kliniki inayosema lugha ya peke yake. Mizani ya sokoni ikabadilishwa, Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, ikasimamia, wakaguzi wakaja na muhuri wao. Mpaka leo mizani ya buchari hukaguliwa na kupigwa muhuri, mwenye nyama asikupunje robo.

Mizani ya chini ya kitanda haina mkaguzi. Haiuzi kitu, kwa hiyo sheria ya biashara haiitafuti. Inaingia nchini ndani ya sanduku la shangazi, kati ya viatu na manukato, na usiku ule ule inaanza kupima watoto. Na wale jamaa wa katikati ya jiji wanaopima watu uzito na urefu kando ya barabara kwa shilingi chache, wengi wana mizani za mshale zenye duara mbili za namba, kilo kwa nje, paundi kwa ndani au kinyume chake. Nimesimama hapo nikamsikia mteja akisoma duara asilostahili na kuondoka na huzuni. Kwa mtu mzima ni huzuni tu.

Nilitaka bibi aiweke kilo mwilini, si kichwani tu. Kumwambia "zidisha kwa 0.45" ni kumtukana. Nikamwomba mama alete unga kutoka jikoni. Pakiti ya unga wa sima ni kilo 2, hata mtoto wa shule anajua. Zilikuwepo tatu, tukaazima tatu kwa jirani. Nikazipanga sita kwenye leso, nikazifunga, nikamwekea bibi mapajani. Akazishika kwa mikono miwili, akazipima kwa kuinua kidogo, kama anavyompakata mtoto.

"Huyu ndiye," alisema mara moja. "Huyu ndiye yeye hasa."

"Sasa bibi, hiyo ishirini na sita ingekuwa kilo, tungefunga pakiti kumi na tatu. Zaidi ya lile furushi zima la pakiti kumi na mbili wanalobeba vijana wa duka mgongoni."

Alinyamaza. Akaupapasa ule unga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi ndiye niliyeandika." Mkwewe akaruka kumjibu: "Hapana mama, ni mimi niliyesoma." Wakaanza kushindana nani abebe lawama, na ilinibidi niingilie, maana ukweli ni kwamba hapakuwa na lawama ya kugawana. Palikuwa na neno moja lililodondoka njiani.

Na hili neno ndilo lililonifanya nisilale. Ukisikiliza Kiswahili chetu vizuri, kipimo hutangulia. Tunasema kilo kumi na mbili, ratili saba, shilingi mia, miaka minane, saa nne. Jina kwanza, hesabu baadaye. Anayezungumza hivyo hawezi kusahau jina, kwa sababu hawezi hata kuanza sentensi bila hilo. Lakini tukishika kalamu, au tukishika simu kwa haraka, tunaandika na kusema namba tupu: ana ishirini na sita. Ishirini na sita nini? Inaweza kuwa ratili. Inaweza kuwa kilo. Kwa mtoto wa umri ule ingeweza hata kuwa miezi. Bibi alipoutamka uzito ule moyoni siku ya kwanza aliutamka kikamilifu, ratili ishirini na sita. Laiti angeandika alivyosema.

Kliniki kwetu tumebadilisha mambo machache. Kwenye kijitabu cha mama na mtoto jedwali limechapishwa kwa kilo tayari, lakini sisi tulikuwa tukimtajia mama namba tupu, "kumi na moja nukta tisa, sawa mama, anayefuata." Siku hizi tunasema kilo, na tunamwomba mama arudie na neno lake. Kijana wa kemisti sasa anauliza umri na uzito pamoja, na ameniambia visipopatana hauzi dawa mpaka amwone mtoto. Nimemsisitizia pia kwamba mzazi akija bila uzito, kijitabu kitafutwe kwanza kabla ya kupiga simu: cha binti huyu kilikuwa ndani ya kabati, na uzito wake wa mwisho, wa siku ya chanjo ya surua ya miezi 18, ulikuwa kilo 10.4. Kingefunguliwa tu, 26 ingejikataa yenyewe. Ile mizani tuliibonyeza ikaja kwenye kilo, nikakibandikia kitufe plasta ya kidonda, na baba mdogo akaahidi kujipimia paundi zake huko huko mazoezini.

Mwezi wa Oktoba bibi alimleta mtoto mwenyewe kwa matone ya vitamini A. Nilimning'iniza, mshale ukasimama, nikasema kwa sauti, kilo kumi na mbili nukta nne. Bibi akatulia kidogo, midomo ikicheza bila sauti. Nilijua anafanya nini. Akasema, "Ratili ishirini na saba na kitu." Nilipiga hesabu: ishirini na saba nukta tatu. Kisha akaniomba kalamu, akatoa mkobani ukurasa wa kalenda aliokuwa ameukunja mara nne, akauweka kwenye meza yangu na kuandika polepole kwa ule mwandiko wake wenye miguu: kilo 12.4.